Kabla ya kumtafuta mhandisi wa programu aliye mbali, amua nani atakuwa mwajiri wake

Wenye biashara wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri huanza na swali la mahali: je, mhandisi wa programu wamtafute Upwork, yaani soko la mtandaoni la watu wanaojitegemea, wapitie kampuni ya kuunganisha wahandisi na waajiri kama Andela, au watangaze nafasi wenyewe? Mimi huwaomba wajibu kwanza maswali mawili mengine, yaani nani atakuwa mwajiri wa mtu huyo mbele ya sheria, na nani atamwongoza kazini kila siku. Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayoamua njia, na jukwaa la kumtafutia hufuata baadaye.

Chukua mfano wa kampuni ya Dar es Salaam yenye mfumo wa malipo ya simu, inayomhitaji mhandisi anayeishi Nairobi. Njia inayopendwa zaidi ni kumchukua kama mtoa huduma anayejitegemea, ambaye hutuma ankara, hulipwa, na kujilipia kodi zake mwenyewe. Hata hivyo, kampuni ya Tanzania inapomlipa ada ya huduma mtu asiye mkaazi hutakiwa kumkata kodi ya zuio ya asilimia 15, ilhali mkaazi hukatwa asilimia 5. Asiyelijua hilo huahidi dola kamili, na mwezi wa kwanza haujaisha tayari pana ugomvi juu ya nani abebe pengo. Ni lazima mkataba useme wazi kama kiasi kilichotajwa ni kabla ya makato au baada yake.

Njia hii naipendekeza kwa kazi yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, kama vile kuhamisha hifadhidata au kuunganisha mfumo wako na wa benki. Siipendekezi pale unapompangia mtu saa za kuingia na kutoka, unamzuia kuwafanyia wengine kazi, na likizo yake inasubiri idhini yako. Uhusiano wa namna hiyo unaweza kuhesabiwa kuwa ajira hata kama karatasi inasema vinginevyo, na madai ya kodi na michango ya miaka iliyopita yatakuja kwako.

Kama unachokihitaji hasa ni mwajiriwa, basi mpe ajira. Kwa Kenya, hiyo ina maana ya kujisajili kama mwajiri, kukata kodi ya mshahara, kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), kukata asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na kulipa tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 kutoka kila upande. Kwa timu ya watu wengi mzigo huo unabebeka. Kwa mtu mmoja au wawili, ni nafuu kutumia kampuni inayoajiri kwa niaba yako, kama Deel au Remote, ambayo hubeba ajira kisheria huku wewe ukisimamia kazi. Ada yake hufika mamia ya dola kwa mwezi kwa kila mtu. Uliza kama kampuni hiyo imesajiliwa yenyewe katika nchi husika au inapitia wakala wa tatu, kwa sababu huyo ndiye atakayesaini mkataba na mhandisi wako.

Kuhusu kampuni za kuunganisha, historia ya Andela inafundisha mengi. Ilianza Lagos mwaka 2014 kwa kuwafundisha vijana na kuwapeleka kwa wateja wa nje, ikafungua ofisi Nairobi, Kampala na Kigali, kisha Septemba 2019 ikawaachisha kazi mamia ya wahandisi wachanga kwa sababu wateja walitaka wazoefu. Hali hiyo bado ipo. Kampuni za namna hii hukupa mzoefu haraka, kwa bei ya juu. Ukitaka kumkuza kijana, utamtafuta na kumlea mwenyewe, na unahitaji mhandisi mkuu mwenye muda wa kusoma msimbo wake, yaani maagizo ya programu anayoandika, kila siku.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni hakimiliki. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 humpa mwajiri hakimiliki ya kazi ya mwajiriwa, lakini haimpi ile ya mtu anayejitegemea. Hiyo hubaki kwa aliyeandika mpaka aihamishe kwa maandishi. Kampuni ya London inayomlipa kijana wa Mombasa kwa ankara, bila kifungu cha kuhamisha haki, inaweza kugundua siku ya kutafuta wawekezaji kwamba programu inayoiuza si yake kikamilifu.

Katika usaili, sitoi mafumbo ya hesabu. Humpa mwombaji kazi ndogo ya kulipwa inayofanana na kazi halisi: sehemu ya mfumo inayopokea taarifa za malipo ya simu, yenye kasoro kwamba taarifa moja ikifika mara mbili, mteja huongezewa salio mara mbili. Wengi huitafuta namba ya muamala kwenye hifadhidata kabla ya kuongeza salio, na huishia hapo. Aliyebobea huuliza itakuwaje taarifa mbili zikifika kwa wakati mmoja, huweka kwenye hifadhidata yenyewe kizuizi cha upekee, kinachokataa namba moja ya muamala isiingie mara mbili, huandika jaribio la kuthibitisha, na kueleza mabadiliko yake kwa aya mbili zinazoeleweka. Aya hizo mbili nazipa uzito sawa na msimbo, kwa kuwa mtu aliye mbali hujulikana na wenzake kwa maandishi yake.

Yaliyobaki yaandikwe kwenye mkataba: saa chache za pamoja kila siku, sarafu ya malipo, na nani analipia intaneti ya akiba. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota vibaya Tanzania, na aliyekuwa na njia ya pili aliendelea na kazi. Hazina ya msimbo, yaani mahali unapohifadhiwa, iwe kwenye akaunti ya kampuni tangu siku ya kwanza, na ruhusa zote za mhandisi zifungwe siku ile ile mkataba unapokwisha.