Kaboni iliyo chini ya kwato

Nikifika kwenye malisho, kabla sijatoa kifaa chochote, napiga magoti na kung'oa shina moja la nyasi. La mahali palipochungwa mwaka mzima hutoka kirahisi, mizizi mifupi na mikavu. La ndani ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu ili majani yapumzike, hugoma. Inabidi nichimbe, na likitoka linakuja na bonge la udongo mweusi ulioshikana. Bonge hilo ndilo lililonileta.

Nyasi hujenga mwili wake kwa hewa ukaa inayovutwa na majani. Sehemu kubwa hushuka chini: mizizi hufa na kuota upya, hulisha vijidudu vya udongo, na mabaki yake, yenye kaboni iliyotoka kwenye hewa hiyo, hung'ang'ania chembe za mfinyanzi. Ng'ombe akirudia chipukizi kabla halijakomaa, mmea hutumia akiba ya mizizini. Mizizi hufupika, ardhi hubaki uchi, na mvua kubwa ya kwanza huondoka na tabaka la juu, ambalo ndilo lenye kaboni nyingi kuliko yote. Ndiyo maana idadi ya mifugo nauliza baadaye. Kwanza nauliza majani yamepumzika muda gani.

Wasukuma walilijua hili zamani. Ngitili hufungwa mvua zikianza, hufunguliwa kiangazi kikikaza, na ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai hutangulia. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, mkoani Shinyanga zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi tu za ngitili. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi hekta 300,000, zikilindwa na sheria za vijiji na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma.

Sasa hesabu. Hekta moja, kina cha sentimita 30, ni kama tani 3,900 za udongo. Kaboni ikipanda kutoka asilimia 1.0 hadi 1.1, umeongeza tani 3.9, sawa na tani 14 hivi za hewa ukaa. Lakini ongezeko hilo huchukua miaka, halionekani kwa sampuli za msimu mmoja, na jembe la trekta linaweza kulifuta.

Wazee wakiniuliza hela za kaboni, yaani malipo ya kuhifadhi kaboni ardhini, zitaingia lini, nawaambia ukweli: zinaweza kuchelewa sana, na mkataba unaofunga malisho kwa miongo kadhaa wasiusaini kabla haujasomwa wote, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji. Majani ya kiangazi watayapata mwaka huu huu.