"Put off" si kuzima taa tu

Juzi nilibandika karatasi kwenye mlango wa chumba ninachofundishia Kiingereza cha jioni, hapa Majengo, Dodoma: "Class put off till Thursday." Sijafika hata nyumbani, simu ikaita. Mwanafunzi wangu, dereva wa bajaji. "Shikamoo mwalimu. Luku imeisha?"

Simlaumu. Wengi wameshika kwamba "put off" ni kuzima basi. Na kuzima inazima kweli: "put off the light" ni Kiingereza halali, kamusi za Uingereza bado zinayo, ingawa siku hizi Waingereza wengi husema "turn off" au "switch off". Ukiipeleka kwenye moto au mshumaa ndipo unapoharibu. Huko ni "put out". Ila kazi yake kubwa ni kusogeza jambo mbele, na ndiyo niliyoibandika mlangoni.

"Put si ni weka? Sasa kuahirisha kumetokea wapi?" Hapa huwa nawageuzia kibao. Sisi tuna weka, tukainyambua tukapata wekeza, na aliyewekeza kwenye shamba la zabibu hajamwekesha mtu kitu popote. Hilo "off" dogo lifikirie kama kiambishi chetu cha mwisho: linazaa kitenzi kingine, nawe unakijifunza kama neno jipya.

Dhana inayonichosha zaidi ni ya waliosoma: kwamba kila kuahirisha ni "put off". Mji wetu una Bunge, tumezoea kusikia shughuli zikiahirishwa hadi kesho saa tatu asubuhi. Kijana mmoja darasani akatafsiri: "The Speaker put off Parliament." Hapana. Kikao kimeshakaliwa, kinasimama tu ili kiendelee kesho; Kiingereza kinaita hiyo "adjourn". "Put off" ni ya kitu ambacho hakijaanza: harusi, mtihani, safari ya Kongwa. Kiswahili kimeyabeba yote mawili kwa neno moja, ndiyo maana mtego huu unawanasa hata wanaojiamini. Na jambo likifutwa kabisa, bila kupangiwa siku nyingine, ni "call off".

Mtu naye anaweza kuwa "put off"? Anaweza. Mgeni ameletewa ugali wa uwele na mlenda, kachovya tonge, kaona ule uzi unavyovutika kutoka bakulini hadi kwenye vidole, karudisha mkono. "It put him off." Hakuna aliyeahirishwa hapo; hamu imemkatika. Hasara ni yake.

Sarufi yenyewe ni fupi. Wakati uliopita ni "put" vilevile. Kitenzi kinachofuata huja na -ing: "put off going", si "put off to go". Kiwakilishi hukaa katikati: "put it off", kamwe si "put off it". Hili la mwisho Mswahili hana sababu ya kulikosea, maana naye husema tumekiahirisha, na ile "ki" imekaa tumboni mwa kitenzi.

Alhamisi saa kumi na moja jioni ukaingia ujumbe wa dereva wangu. Kapata abiria wa Nanenane, hivyo somo lake, "I am putting it off." Sentensi safi kabisa. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ada haiahirishwi.