Rsync: kunakili faili bila kulituma lote

Kunakili faili kupitia mtandao ni kulifikisha faili lililo kwenye kompyuta moja hadi kwenye kompyuta nyingine bila kubeba diski wala flashi mkononi, huku faili la awali likibaki pale lilipokuwa. Kompyuta moja ni ile uliyokaa mbele yake. Nyingine ni kompyuta ya mbali, ambayo mara nyingi ni seva iliyofungiwa katika chumba cha ofisi ya pili au katika jengo lililoko Ulaya, na ambayo huioni ila kwa anwani yake. Kwa anayetaka fasili tu, hayo yanatosha. Lakini anayefanya kazi hii kila siku hujikuta akiuliza swali moja kabla ya kutuma chochote: upande wa pili una nini tayari? Programu inayoitwa rsync iliandikwa ili swali hilo lijibiwe na kompyuta zenyewe, na ndiyo maelezo haya yanayoishughulikia, ingawa haieleweki vizuri bila kuwataja waliotangulia.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko intaneti tunayoitumia leo. Mwaka 1971 Abhay Bhushan, aliyekuwa katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliandika rasimu ya kwanza ya FTP, itifaki ya kuhamisha mafaili, kwa ajili ya kompyuta zilizounganishwa na mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti. FTP hufungua njia mbili kati ya kompyuta mbili, moja ya maagizo na nyingine ya data. Kwa kuwa ilitungwa wakati waliounganishwa walikuwa wachache na wakiaminiana, jina na nywila hupita ndani yake zikiwa wazi, na yeyote anayesikiliza njiani anaweza kuzisoma. Baadaye Unix ya Berkeley, toleo la mfumo endeshi wa Unix lililotengenezwa katika chuo kikuu cha Berkeley, ilileta amri ya rcp, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa wepesi: aliyejua amri ya kunakili ndani ya kompyuta yake alitakiwa tu kuongeza jina la kompyuta ya mbali. Usalama haukuwa afadhali. Mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alichokuwapo, Tatu Ylönen wa Ufini aliandika SSH, ambayo husimba kila kinachopita ili asiyehusika asiweze kukisoma, akaiombea mlango (namba ambayo huduma husikilizia kwenye kompyuta) namba 22, uliokuwa haujachukuliwa kati ya 21 wa FTP na 23 wa telnet, programu ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Ndani ya SSH ndimo ilimozaliwa scp, yaani rcp ileile ikiwa imepitishwa katika njia iliyosimbwa.

Amri ya scp husomeka hivi:

scp ripoti.pdf mhasibu@seva:/home/mhasibu/

Kwanza kinatajwa kinachonakiliwa, kisha kinapokwenda, na ukigeuza mpangilio huo unalichukua faili kutoka kwenye seva na kulileta kwako. Alama ya nukta mbili baada ya jina la seva ndiyo inayoiambia programu kwamba mahali hapo si ndani ya kompyuta uliyonayo. Ukiisahau na kuandika «mhasibu@seva» tu, hakuna onyo lolote litakalotolewa. Utapata tu faili jipya kwenye kompyuta yako lenye jina la ajabu kama «mhasibu@seva», na hapo ndipo wengi hushangaa kwa nini mwenzao anasema hajapokea kitu. Kinyume chake pia hutokea, kwani faili lililopewa jina kama «ripoti:2024.txt» hudhaniwa kuwa liko kwenye seva iitwayo ripoti, na dawa yake ni kuandika nukta na mkwaju mbele ya jina, hivi: ./ripoti:2024.txt.

Kasoro kubwa ya scp ni kwamba haiulizi. Hutuma faili lote, hata kama upande wa pili una faili hilohilo lililopungukiwa na mstari mmoja. Tuchukue faili la kumbukumbu za mauzo lenye gigabaiti 2 na intaneti inayopandisha data kwa megabiti 4 kwa sekunde. Kampuni za simu hutangaza kasi kwa megabiti ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti 8, kwa hiyo kasi hiyo ni nusu megabaiti tu kwa sekunde, na faili hilo litachukua sekunde 4,000, yaani saa moja na dakika saba hivi. Ukilituma kila jioni, ni saa moja na dakika saba kila jioni, pamoja na bando. Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba mtandao hautakatika, jambo ambalo watumiaji wa Afrika Mashariki hawalichukulii hivihivi tangu tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Nakala ya scp iliyokatizwa katikati haiendelezwi. Huanzwa upya toka mwanzo.

Rsync ilitangazwa mwezi Juni mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, waliokuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, na Tridgell akaieleza kwa kina katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1999. Siku hizi hupita ndani ya SSH kama scp, na amri yake inafanana nayo, ila kabla ya kutuma huwa kuna mazungumzo kati ya programu mbili, kwa kuwa rsync lazima iwe imewekwa pande zote mbili. Mazungumzo hayo yana hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni nyepesi na ndiyo inayookoa muda mwingi zaidi katika matumizi ya kawaida. Kwa kila faili, rsync hulinganisha ukubwa wake na wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho. Vyote viwili vikilingana pande zote, faili hurukwa bila hata kufunguliwa. Folda yenye maelfu ya picha ambamo zimeongezwa picha tatu itatumiwa picha tatu.

Hatua ya pili inahusu faili lililopo pande zote lakini limebadilika, na hapa kuna ugumu wa kweli. Ili kujua tofauti kati ya matoleo mawili ya faili, kwa kawaida unayaweka yote mbele yako na kuyasoma sambamba. Hapa toleo jipya liko kwako na la zamani liko mbali, na kulileta la mbali ili ulilinganishe kungegharimu sawasawa na kutuma jipya lote. Suluhisho la Tridgell na Mackerras ni kwamba upande unaopokea ulikate faili lake la zamani katika vipande vya urefu mmoja, ukokotoe kwa kila kipande namba mbili zinazotokana na yaliyomo, ya kwanza nyepesi na ya pili nzito, kisha upeleke orodha ya namba hizo peke yake. Mtumaji hutafuta katika faili lake jipya sehemu zinazotoa namba zilezile.

Mfano mdogo unaonyesha kwa nini utafutaji huo unataka ustadi. Tuseme faili la zamani lina herufi KUKUMAJICHAI, na vipande ni vya herufi nne nne: KUKU, MAJI, CHAI. Mtumaji ana faili jipya, KUKUNAMAJICHAI, ambalo limeongezwa herufi mbili. Kama naye angelikata lake katika nne nne, angepata KUKU, NAMA, JICH na AI, na baada ya kipande cha kwanza kusingekuwa na kinachofanana tena, ijapokuwa kilichoongezwa ni herufi mbili tu. Kwa hiyo hakati. Anapita kwa kusogea. KUKU inalingana na kipande cha kwanza, anaruka herufi nne. Anatazama NAMA, haimo kwenye orodha. Anaiweka N pembeni na kusogea herufi moja. AMAJ nayo haimo. Anaiweka A pembeni. Sasa anakutana na MAJI, kipande cha pili, kisha CHAI, kipande cha tatu. Anachotuma ni maelekezo tu: chukua kipande cha kwanza ulichonacho, andika NA, kisha weka cha pili na cha tatu. Mpokeaji hujenga faili jipya kwa vipande vyake mwenyewe.

Kusogea baiti moja moja katika faili la gigabaiti 2 kungekuwa kazi ya kuchosha hata kwa kompyuta, kama kila mara ingelazimu kukokotoa namba upya kutoka mwanzo. Ndiyo maana namba ya kwanza iliteuliwa kuwa ya aina inayoweza kurekebishwa badala ya kukokotolewa upya. Ukizipa herufi namba kuanzia A ambayo ni 1 hadi Z ambayo ni 26, jumla ya NAMA ni 29. Ili upate jumla ya AMAJ huna haja ya kujumlisha tena: unaondoa N, ambayo ni 14, unaongeza J, ambayo ni 10, unapata 25. Kwenda MAJI unaondoa 1 na kuongeza 9, unapata 33. Rsync hutumia hesabu ya jamii hiyo, iliyoboreshwa ili mpangilio wa baiti nao uhesabike, kwa kuwa jumla ya kawaida haitofautishi MAJI na JIMA. Hata hivyo namba hiyo bado ni dhaifu, na vipande viwili tofauti vinaweza kuangukia namba moja. Hivyo inapolingana tu ndipo mtumaji anapokokotoa namba ya pili, ndefu na nzito, ambayo kugongana kwake kwa bahati mbaya ni nadra mno. Faili likishajengwa, hukaguliwa tena kwa ujumla wake, na likionekana kasoro hurudiwa.

Turudi kwenye faili letu la mauzo. Urefu wa kipande hukadiriwa kutokana na kipeuo cha pili cha ukubwa wa faili, kwa hiyo gigabaiti 2 huwa na vipande kama 44,700, kila kimoja kikiwa na baiti zinazokaribia idadi hiyohiyo. Hata kila kipande kikipewa namba zenye jumla ya baiti 20, orodha nzima haifiki megabaiti moja. Ikiwa mauzo ya siku yameongeza megabaiti 20 mwishoni mwa faili, zitapanda kwa sekunde 40 hivi. Kompyuta zote mbili zitakuwa zimelisoma faili lote kutoka kwenye diski, na hiyo ndiyo bei yake: rsync inabadilishana kazi ya diski na ya kichakataji kwa data kidogo ya mtandao. Ndiyo sababu unaponakili kati ya folda mbili za kompyuta ileile, rsync yenyewe huacha utaratibu huu na kunakili mafaili mazima.

Kuna mafaili ambayo ujanja huu hauyasaidii kitu. Faili lililobanwa kwa zip au gzip, likibadilishwa herufi moja kabla ya kubanwa, hutoka likiwa na baiti tofauti kuanzia hapo hadi mwisho, na hali huwa mbaya zaidi kwa lililosimbwa. Anayehifadhi nakala za kanzidata kila usiku hufaidika zaidi akiziacha bila kubanwa na kuiachia rsync ibane zikiwa njiani kwa chaguo la -z, au akitumia gzip yenye chaguo la --rsyncable, ambalo hulifanya badiliko moja lisivuruge faili lote.

Katika kuiandika amri, mambo mawili huwatesa watu. La kwanza ni mkwaju wa mwisho:

rsync -av --partial nyaraka/ mhasibu@seva:/hifadhi/nyaraka/

Ukiandika «nyaraka/» unamaanisha vilivyomo ndani ya folda; ukiandika «nyaraka» bila mkwaju unamaanisha folda yenyewe, na katika amri hii ungeishia kuwa na folda ya nyaraka ndani ya nyaraka. Chaguo la --partial huiamuru rsync ihifadhi sehemu iliyokwisha kufika mtandao ukikatika, ili amri ikirudiwa isianze tena toka mwanzo. La pili ni --delete, ambalo hufuta upande wa pili kila kisichokuwapo upande wa kwanza. Ni chaguo la lazima kwa anayetaka folda mbili zifanane kabisa, na ni hatari kwa yeyote aliyekosea kutaja folda ya kwanza, kwa sababu folda tupu hutafsiriwa kama agizo la kufuta vyote. Chaguo la -n huonyesha kitakachofanyika bila kukifanya, na kwa maoni yangu amri yenye --delete isipitishwe kamwe bila kutanguliwa na hilo.

Mwisho kuna lalamiko la kila mara kutoka kwa wanaonakili kwenda kwenye flashi, kwamba rsync hurudia mafaili yaleyale kila siku ilhali hakuna aliyeyagusa. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, ambayo huandika wakati wa faili kwa hatua za sekunde mbili mbili. Faili lililobadilishwa saa 4:10:07 haliwezi kuandikwa humo kwa sekunde hiyohiyo, na rsync ikilinganisha huona nyakati hazilingani. Chaguo la --modify-window=1 huiambia ivumilie tofauti ya sekunde moja, na mafaili hayo huanza kurukwa.