Si kila anayepasuliwa moyo huongezewa damu

Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya simu hudai kuwa kila anayepasuliwa moyo lazima aongezewe chupa nyingi za damu. Si kweli, wagonjwa wengi hawaongezewi hata moja. Madaktari hukadiria mapema kwa kuangalia hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), uzito, umri, hali ya figo, dawa za kuzuia damu kuganda, na kama upasuaji ni wa dharura au wa kurudiwa. Watu huchanganyikiwa kwa sababu ndugu huombwa kuchangia damu, ilhali hiyo ni akiba ya lazima, kwani mgonjwa anaweza kuvuja damu ghafla. Tafadhali tusiusambaze ujumbe huo, unaowatia hofu wagonjwa bure. Mwenye shaka amwulize daktari kiwango cha hemoglobini ya mgonjwa wake, maana ikiwa chini huweza kutibiwa kabla ya upasuaji.