Bei ya Nyumba Tanga: Kwa Nini Naanza na Kodi ya Pango

Kila ninapoitwa kuthamini nyumba jijini Tanga, mwenye mali huniuliza jambo ambalo halimo katika ripoti yangu, yaani bei itafika wapi baada ya miaka mitano. Nami humuuliza kwanza nyumba kama yake inapangishwa shilingi ngapi mtaani hapo, kwa sababu bei anayoitaja dalali hubeba matumaini ya muuzaji, ilhali kodi ya pango hulipwa na mtu anayeihitaji nyumba leo, kwa kipato alicho nacho leo.

Umbali kati ya bei hiyo na kodi umekuwa ukinishughulisha tangu Agosti 2017, lilipowekwa Chongoleani, pwani ya Tanga, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Ujenzi wa aina hiyo huleta mafundi, madereva na wahandisi wanaotafuta vyumba, na kodi hupanda kweli. Lakini bomba likishakamilika huendeshwa na watu wachache kuliko waliolijenga. Anayekadiria bei ya mwaka wa kumi kwa kufuata kasi ya miaka ya ujenzi anahesabu wapangaji ambao watakuwa wameshahama. Bandari ya Tanga iliyochimbwa hadi kina cha mita 13 naipa uzito zaidi, kwa kuwa ajira zake hurudi kila meli inapotia nanga.

Bagamoyo ilikwisha kutuonyesha yanayozipata bei zilizotegemea mradi. Mkataba wa bandari mpya ulitiwa saini mwaka 2013, na kufikia mwaka 2019 mradi ulikuwa umesimama. Mtu angetarajia bei zianguke, lakini katika soko letu bei haianguki kwa kishindo: wengi wamejenga kwa fedha taslimu, tofali kwa tofali, hivyo hakuna benki inayowashinikiza wauze. Bei hubaki pale pale midomoni, na kinachopotea ni mnunuzi. Ndiyo maana katika daftari langu narekodi miezi ambayo kiwanja kimekaa sokoni kabla ya kuandika bei iliyotangazwa. (Kuta zenye maandishi “Nyumba hii haiuzwi” sizihesabu, ingawa zinaeleza mengi kuhusu migogoro ya kifamilia na utapeli.)

Tuchukue mfano wa nyumba inayotajwa kwa shilingi milioni 60 na kupangishwa kwa 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka inaingiza milioni 3, yaani asilimia 5 kabla ya ukarabati na miezi ya kukaa bila mpangaji, wakati hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha unazoikopesha serikali kwa riba, zimelipa zaidi ya asilimia 10 kwa miaka mingi. Mnunuzi wa bei hiyo ananunua kupanda kwa bei, wala hanunui makazi, na akikosea hana kodi ya kumfidia.

Hati nayo hubadili hesabu, kwani kiwanja kilichopimwa na chenye hati hupokelewa na benki kuwa dhamana, na kile cha karatasi ya serikali ya mtaa mara nyingi hukataliwa.

Kwa hiyo makadirio yangu hayalingani mji mzima. Natazamia bei za Kange, penye kituo kikuu cha mabasi, na za mitaa ya Ngamiani yenye wapangaji wa kudumu, zipande taratibu pamoja na kodi. Viwanja visivyopimwa vya kuelekea Chongoleani naviona vikikaa muda mrefu bila kuuzika, huku wenyewe wakiendelea kutaja bei ile ile.