Kabla hujapunguza mashavu ya uke: maswali ninayoulizwa kliniki

Mimi ni mkunga. Zamani swali hili lilikuja kwa kunong'onwa, mama ameshavaa, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Siku hizi binti anaingia na simu mkononi, ananionyesha picha, kisha anauliza bei. Upasuaji wenyewe unaitwa labiaplasti. Kinachopunguzwa mara nyingi ni mashavu ya ndani, ile mikunjo miwili ya ngozi laini inayofunika tundu la mkojo na mlango wa uke.

Nesi, mashavu yangu ya ndani yanatokeza nje ya yale makubwa. Nina kasoro?

Huna. Mwaka 2005 madaktari wa London walichapisha vipimo vya wanawake 50. Urefu wa mashavu ya ndani ulikuwa kati ya sentimita 2 na 10, na upana ulianzia milimita 7 hadi sentimita 5. Tofauti kubwa kiasi hicho, kwa watu hamsini tu! Upande mmoja kuzidi mwingine ni kawaida, na ngozi ya huko kuwa nyeusi kuliko mapaja ni kawaida pia. Umbo hubadilika tangu kuvunja ungo, ukizaa, na hedhi inapokoma. Na yale maneno ya mtaani kwamba mashavu hurefuka kwa kutembea na wanaume wengi, yapuuze kabisa.

Mara nyingine namsimulia binti habari za majirani zetu. Rwanda kuna desturi ya gukuna, ambapo wasichana huvuta mashavu ya ndani ili yarefuke. Uganda, kwa Waganda, kazi ya kumfundisha binti jambo hilo ni ya ssenga, yaani shangazi yake. Kwa hiyo kile ambacho huyu anataka kikatwe, mwenzake ng'ambo ya ziwa alikaa miezi akikivuta. Huwa wanacheka, halafu wananyamaza kidogo.

Sasa ni nani anayehitaji upasuaji huu?

Mwenye maumivu. Wapo wanawake ambao mshono wa jinzi unawachubua, wanaoshindwa kupanda baiskeli, au ambao shavu linavutwa ndani wakati wa tendo la ndoa na kuuma. Hilo ni tatizo la kweli, tusilibeze.

Ila anza na mepesi. Kuna dada muuza duka alikuja akiwa ameshadunduliza hela za upasuaji. Nilipomwangalia nikakuta ngozi nyekundu, imevimba, ina mipasuko midogo kama ya nywele. Alikuwa na fangasi, na kila jioni alikuwa akisugua huko kwa sabuni ya kufulia ya kipande. Tukatibu fangasi, akaacha sabuni akabaki na maji matupu, akahamia chupi za pamba na sketi pana, akawa anapaka mafuta ya mgando kabla ya safari ndefu. Baada ya miezi miwili alikuja kuniambia zile hela amenunulia friji. Si kila mtu atapona hivyo, lakini ugonjwa wa ngozi haukatwi kwa kisu, hutibiwa kwanza.

Aliyesema ni mume wangu. Mimi mwenyewe sina shida.

Basi mwenye shida ni yeye. Sisemi hivyo kwa utani. Mtu anayepasuliwa ili kumridhisha mwingine ndiye ninayemwona akirudi na machozi, kwa sababu ndoa iliyokuwa na kasoro mahali pengine hubaki na kasoro ileile. Kama fikra za sehemu hiyo zinakuandama mchana kutwa, unajitazama kwenye kioo mara kumi, unakwepa hata kuoga na wenzio bwenini, onana kwanza na mshauri wa saikolojia. Uchungu wa namna hiyo ni ugonjwa unaotibika, na mara nyingi kisu hakiufikii.

Binti yangu ana miaka 15 na anataka.

Asubiri. Mashavu hukua kwa kasi tofauti na sehemu nyingine wakati wa balehe, na upande mmoja unaweza kutangulia. Uingereza, chama cha madaktari wa uzazi kinashauri asifanyiwe aliye chini ya miaka 18.

Huku si kukeketwa kwa jina jipya?

Swali zuri kuliko yote, na sheria nazo zinaliuliza. Tanzania, Kanuni ya Adhabu tangu 1998 inaharamisha ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa sheria ya 2011: inamlinda mwanamke wa umri wowote, na kukubali kwake mwenyewe si kinga mahakamani. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa ombi la kuifuta. Sheria hiyo inaacha nje matibabu yenye lengo halisi la tiba. Uingereza nako sheria ya 2003 haiishii kwa watoto, na inaruhusu upasuaji unaohitajika kwa afya ya mwili au ya akili. Kwa hiyo urembo mtupu umekaa penye utelezi. Muulize daktari ataandika sababu gani kwenye faili lako. Akikosa ya kuandika, hapo pana mazungumzo.

Na kama uliwahi kukeketwa utotoni, mwambie mapema. Makovu ya zamani yanabadilisha kazi nzima.

Unafanywaje?

Kwa ganzi na dawa ya kutuliza, au kwa nusu kaputi, kwa saa moja hadi mbili. Njia zilizozoeleka ni mbili: kupunguza ukingo wote, au kukata kipande chenye umbo la V katikati na kuunganisha pande mbili. Ya kwanza huondoa ukingo wa asili na kuacha mshono mrefu. Ya pili huuacha ukingo ulivyo, lakini mshono huweza kuachia. Nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Nitapoteza hisia? Bikira? Kuzaa je?

Kizinda hakiguswi. Kuzaa kwa njia ya kawaida kwa kawaida kunawezekana. Hisia ndiyo nataka uitafakari, kwa sababu mashavu haya yana mishipa mingi ya fahamu. Ganzi ya muda hutokea, na wachache hubaki na ganzi au maumivu kwenye kovu, hata wakati wa tendo. Hatari nyingine ni kutoka damu, usaha, pande kutolingana na, mbaya zaidi, kukatwa kupita kiasi. Ngozi iliyoondolewa hairudishwi.

Nijiandae vipi?

Hakikisha daktari amesajiliwa. Tanzania ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni baraza la madaktari na madaktari wa meno. Muulize bila aibu amefanya ngapi, na nani atapokea simu yako usiku damu ikitoka. Mtajie kila unachotumia: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, hata dawa za miti shamba, maana baadhi huongeza kutoka damu. Usiache ya hospitali mwenyewe, yeye ndiye aseme lini. Kisukari na selimundu vitajwe. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla, kwa kuwa inachelewesha kidonda kupona. Panga tarehe iwe baada ya hedhi. Ujauzito ukiwepo, ahirisha. Bima nyingi hazilipi urembo, kwa hiyo uliza bei hiyo inajumuisha nini, na marudio ya kliniki yamo au hayamo.

Wiki za kwanza zikoje?

Utavimba kuliko ulivyodhani, na siku za mwanzo utadhani wameharibu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kama kumi na tano kwa zamu, husaidia. Choo cha kuchuchumaa kinavuta nyuzi, kwa hiyo tafuta cha kukaa kama unaweza. Ukikojoa, mimina maji ya vuguvugu kwa kopo kutoka mbele, kisha kausha kwa kugusagusa kitambaa safi, bila kusugua. Mpira ule wa chooni wenye presha, uache. Bodaboda usipande, hata daladala ya barabara mbovu iahirishe kwa wiki ya kwanza. Kazi ya kukaa mezani wengi huirudia baada ya siku saba hadi kumi. Tendo la ndoa, baiskeli na mazoezi mazito husubiri wiki nne hadi sita, na uvimbe wote kuisha huweza kuchukua miezi sita.

Rudi hospitali siku hiyohiyo pedi ikilowa ndani ya saa moja, upande mmoja ukivimba ghafla na kuwa mgumu, joto likifika 38, harufu mbaya ikianza, au mkojo ukigoma.

Na zile krimu za mtandaoni? Shabu?

Hakuna krimu inayopunguza mashavu. Shabu na magadi vitakuunguza, utaishia kwangu na vidonda.

Nimeshalipa, tarehe ni kesho, na moyo unasita.

Sema. Unaweza kubadili nia hata ukiwa umeshavaa gauni la upasuaji na fomu umeisaini. Hela inaweza kuwa na mvutano, kwa hiyo uliza masharti ya kurudishiwa kabla hujalipa. Ukishindwa kumkabili daktari, mshike mkono nesi anayekupeleka chumbani umwambie yeye. Mimi nimeshageuza kitanda mlangoni mara mbili.