Kuishi na Hashimoto: maswali yanayoulizwa Bukavu

Munganga (daktari) ameniambia nina Hashimoto. Ni ugonjwa gani?

Jina ni la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaigeukia tiroidi, ile tezi ya mbele ya shingo, na kuiharibu polepole. Homoni ikipungua, mwili mzima unapunguza mwendo: uchovu ambao usingizi hauutoi, baridi hata saa sita mchana, choo kigumu, nywele kukatika, hedhi nzito, uso kuvimba, huzuni. Wanawake wanaupata zaidi kuliko wanaume. Hauambukizi. Na si karuho, yaani sumu ya kulishwa na mtu, ingawa mtaani neno hilo ndilo hutangulia kusemwa uso wa mtu ukianza kuvimba.

Ni lile rovu (uvimbe wa shingo) la kisiwa cha Idjwi?

Hapana, japo vyote viwili vinaweza kuvimbisha shingo. Rovu la Idjwi lilitokana na upungufu wa madini joto, yaani ayodini. Katika miaka ya 1960 watafiti walishangaa kuona limejaa kaskazini mwa kisiwa na ni haba kusini-magharibi, wakati ayodini ilikuwa chache pande zote mbili. Walipochunguza chakula wakaufikia muhogo: sumu yake, ikiingia mwilini, inageuka kitu kinachoizuia tezi isipate hata ile ayodini kidogo iliyopo.

Kwa Hashimoto hesabu ni nyingine. Ayodini nyingi kupita kiasi inaweza hata kuuchochea ugonjwa. Chumvi ya kawaida yenye ayodini inatosha, pikia bila hofu. Matone na vidonge vya ayodini vinavyouzwa kama dawa ya shingo, viache.

Basi niache bugali wa muhogo na sombe (majani ya muhogo)?

Kumwambia mtu wa Bukavu aache sombe ni ushauri wa mtu asiyeishi hapa. Muhogo uliolowekwa siku kadhaa, ukakaushwa vizuri, umepoteza sehemu kubwa ya sumu. Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana, vilevile. Tena, kama tayari homoni unaipata kwenye kidonge, kuizuia tezi hakubadilishi mengi. Shu (kabichi) iliyopikwa, hiyo pia haina neno. Ongeza maharagi, samaki wadogo wa sambaza na lengalenga (mchicha) kwenye sahani.

Nakunywa levotiroksini, kidonge cha homoni ya tiroidi, kila siku lakini TSH bado iko juu. Kwa nini?

TSH ni homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi. Ikiwa juu, ubongo bado unalalamika kwamba homoni haitoshi. Kabla ya kuongezewa dozi, tuangalie asubuhi yako. Kidonge kinatakiwa kinywewe kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Wengi wanakiteremsha kwa chai ya maziwa, au kwa kikombe cha uji wa masoso, na masoso ina soja. Maziwa, soja na kahawa vyote vinaizuia dawa isiingie vizuri kwenye damu. Vidonge vya damu (feri) na vya kalsiamu vipishanishe nayo kwa saa 4.

Kama asubuhi yako ni ya kukimbilia soko la Kadutu gizani, mwombe munganga mhamie usiku: kidonge kabla ya kulala, saa 3 baada ya chakula. Wanaofunga pia inawafaa. Dozi ikibadilishwa, rudi labo baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla. Na ukiwa unatumia vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele, viache siku chache kabla ya kupimwa, kwa sababu vinaweza kupotosha majibu.

Mitishamba, seleniamu, kuacha mkate?

Hakuna majani yanayojulikana kurudisha tezi iliyokwisha kuharibika. Madini ya seleniamu yakizidi ni sumu. Mkate hauna kosa, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa utumbo usiovumilia ngano. Kujali mwili mzima ni vizuri sana, ila kidonge ndicho msingi. Anayekuambia ukiache ili "mwili ujiponye" usimsikilize.

Vipimo vimekuwa vizuri, mbona bado nachoka?

Swali hili linastahili kuchukuliwa kwa uzito, na mara nyingi mgonjwa anajibiwa "wewe ni mzima, nenda." Pimwa damu: upungufu wake ni wa kawaida, na wenye Hashimoto hukosa vitamini B12 kuliko watu wengine. Uliza pia kuhusu kisukari. Angalia usingizi na moyo wako. Sonona inaweza kukaa sambamba na tiroidi, nayo ina matibabu. Vilima vyetu ni mazoezi ya bure, lakini anza polepole. Na nyumbani waelezwe, maana mama anayechoka saa nne asubuhi huitwa mvivu na watu wanaompenda.

Nikipata mimba?

Nenda kliniki mara tu unapojua. Dozi kwa kawaida inapanda, na mtoto katika miezi ya kwanza anategemea homoni yako.

Farmasi zikifungwa siku za vurugu?

Weka akiba ya mwezi mmoja, mbali na joto na jua. Ukikosa siku moja au mbili usiogope: dawa hii inakaa mwilini, nusu yake inachukua takriban wiki moja kutoka. Ukinunua kwingine, soma mikrogramu kwenye boksi, maana 50 na 100 hufanana kwa macho. Wiki zikipita bila dawa, mgonjwa akawa baridi, amelegea, akili inapotea, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.